Mombasa kwa wanaorudi: shajara ya Desemba

Alhamisi

Basi la Tanga liliondoka alfajiri, na jua lilikuwa bado halijachoma tulipofika Lunga Lunga, ambako siku hizi anayeingia Kenya humaliza mambo ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Ukunda hatukukaa. Likoni nikashuka na begi langu, nikajiunga na waenda kwa miguu. Wenye magari wasiotaka feri sasa wana barabara ya Dongo Kundu, lakini mtu wa miguu huvuka bure, dakika chache tu, na sijui njia nzuri zaidi ya kuingia kisiwani. Mbele yangu alisimama mama mwenye beseni la samaki kichwani, nyuma kijana na mkokoteni wa nazi, na sote tulingoja meli ya makontena ipite kwanza kuelekea Kilindini.

Nimekuja na swali la kazi. Mimi huwatembeza wageni Tanga: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, majumba ya wakati wa Wajerumani pale mjini. Wageni wangu huondoka wameridhika, hushukuru sana, na wengi siwaoni tena. Mombasa iko saa chache tu kaskazini yetu. Bahari ni ileile, na wali wa nazi hautushindi. Hata hivyo wana wageni wanaorudi mwaka baada ya mwaka, mpaka muuza madafu anawauliza habari za wajukuu. Nataka kujua wanarudishwa na nini, na kujua kwa kuwauliza wenyewe, maana matangazo ya utalii yote huonyesha mnazi na mchanga, na mnazi na mchanga viko kila mahali kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Nimefikia kwa shangazi, Kibokoni, katika Mji wa Kale. Ghorofani ana vyumba viwili anavyopangisha wageni, na amefanya hivyo miaka mingi. Nilipomweleza nilichofuata alicheka, akaingia ndani, akatoka na kauntabuku mbili zilizofungwa kwa kamba ya katani. "Soma kwanza, mwanangu. Kuuliza utauliza kesho."

Nimezisoma mpaka adhana ya isha na baada yake. Kila ukurasa una safu za kalamu ya risasi: tarehe, jina, nchi, na nafasi ya kuandika neno. Kuna mwandiko mmoja wa wino wa buluu, umelalia kushoto, wa bibi mmoja wa Uholanzi. Mara ya kwanza ameandika Kiingereza, mistari mitatu ya shukrani. Mbele kidogo mwandiko uleule umeongeza "asante sana" mwishoni. Katika kitabu cha pili ameandika Kiswahili kitupu: "Nimefika salama. Mbaazi bado ni tamu. Paka yule mweupe amekufa, pole Bi." Mtu wa kumpa pole mwenye nyumba kwa kufiwa na paka hakuja kutalii tu.

Halafu nikaona mapengo. Kurasa zinajaa, ghafla zinakuwa tupu, na ukitazama tarehe unajua sababu. Agosti 1997, machafuko ya Likoni. Mwisho wa 2002, baada ya hoteli kulipuliwa Kikambala. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowatahadharisha raia wake na kampuni za utalii zikawarudisha kwao kwa ndege wageni waliokuwa bado likizoni. Mwaka 2020, korona. Nilifuatilia nani aliandika kwanza baada ya kila pengo. Kila mara ni mtu ambaye jina lake lilikuwamo tayari kurasa za nyuma. Sikukuta hata pengo moja lililovunjwa na mgeni mpya.

Nilimwonyesha shangazi. Yeye hakushangaa. "Mgeni mpya husoma gazeti," alisema. "Huyu wa zamani hunipigia simu mimi."

Ijumaa

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, kisha Ngome ya Yesu. Nilikwisha kuiona, kwa hiyo leo nilikwenda kumsikiliza anayeionyesha. Mwongozaji niliyempata ni mzee wa makamo, ana sauti ya taratibu, na tulipojuana kuwa kazi yetu moja hakuniacha tena.

Aliniambia kuwa mgeni wa mara ya kwanza hutaka mambo matatu: mizinga, bahari, na picha mlangoni. Humpa hayo pamoja na tarehe zake. Kwamba Wareno walianza kujenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani. Kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698. Kwamba Waingereza waliifanya jela hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Mgeni hutikisa kichwa, hupiga picha, huondoka. "Anayerudi haulizi tarehe," alisema. "Anayerudi huniambia, yule kinyonga nimemsahau yuko wapi."

Akanipeleka kwenye michoro ya ukutani waliyoichora mabaharia na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Nilikuwa nimepita mbele yake safari zilizopita kwa haraka. Leo tulisimama. Kuna majahazi yenye milingoti, kila kamba imechorwa na mtu aliyezifunga kamba hizo kwa mikono yake. Kuna watu waliovaa deraya, kuna samaki, na kuna kinyonga. Askari aliyetoka Ureno, akawekwa hapa kulinda bahari isiyo yake, alimwona kinyonga akaona amchore. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kwenye mizinga. Kisha akanionyesha vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa wenzao waliozingirwa. Nikataka kuuliza habari za baraza ya Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliowahi kuutawala mji, na nakshi zake, akasema tuiache.

"Kwa nini?"

"Utapata sababu ya kuja tena, yakhe."

Alisema kwa dhati kabisa. Anajua anachokifanya: hamalizi. Mimi Amboni humaliza kila kitu kwa saa mbili, nikaona ni uhodari.

Saa ya sala ya Ijumaa niliketi nje, kivulini, karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, nikawaza wageni wa zamani zaidi. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Aliwasifu watu kwa uchaji wao, akaieleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ufundi na visima vya milangoni, ambako mtu hunawa miguu kabla ya kuingia. Alilala usiku mmoja, akaenda zake Kilwa. Vasco da Gama alikuja Aprili 1498. Yeye na wenyeji hawakuaminiana, akang'oa nanga kwenda Malindi, na Malindi akapokewa. Januari 1499, alipokuwa akitoka Uhindi na mabaharia wake wakiwa hoi kwa maradhi, alitia nanga Malindi tena. Alirudi alikopokewa. Wareno wenzake waliorudi Mombasa mwaka 1505 walikuja kuuchoma mji, na hao siwahesabu kuwa wageni.

Jioni ndipo nilipopata darasa. Muuza kahawa huweka jiko lake la makaa kwenye kona, dele la shaba juu yake, vikombe ndani ya ndoo ya maji, na sahani ya kashata. Anavigonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja, na watu wanatoka vichochoroni. Sikuwa nimekaa vizuri barazani alipoongeza tangawizi kwenye kikombe changu, akanipa. Niliwahi kunywa kwake zamani. Sikuwa nimemwambia kitu.

Mzee aliyekuwa pembeni yangu, kanzu nyeupe na koti jeusi, alisikia swali langu akaona ni jepesi. "Mji huu umezoea watu wa kurudi," alisema. Akanieleza habari za majahazi ya Arabuni, Ghuba na Uhindi, yaliyoshuka na kaskazi na kupanda na kusi. Nahodha hakuwa na hiari ya kuondoka siku anayotaka. Alingoja upepo ugeuke, na katika kungoja miezi hiyo alikuwa na nyumba yake anayofikia, duka analokopa, msikiti anaosali. Mwaka uliofuata alirudi nyumba ileile, na akileta tende au zulia alilipeleka kwanza kwa mwenyeji wake. Wengine walioa hapa. Babake mzee huyu alikuwa mmoja wa wenyeji hao, pale juu ya Bandari ya Kale. Jinsi alivyolieleza, mgeni wa kila mwaka alikuwa na haki zake na mwenyeji alikuwa na haki zake, na aliyemlaghai mgeni wa kaskazi alijua kuwa kaskazi ijayo watakutana.

Nimeliandika neno hilo mara tu nilipofika chumbani, lisinipotee.

Jumamosi

Matatu ya Mtwapa, daraja la Nyali, kisha Bamburi. Nilianzia Haller Park, kwa sababu ni mahali palipobadilika mbele ya macho ya watu. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jeupe, tupu, lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, alianza kupanda miti, na katika aina alizojaribu ni chache sana zilizoshika. Mvinje ulishika. Majani yake yalianguka yakakaa bila kuoza, akaleta majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Kazi kubwa namna ile imefanywa na majongoo! Leo ni msitu wenye twiga. Watoto wa shule bado wanaulizia hadithi ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kujiegemeza kwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra.

Hapo nilikutana na familia kutoka Nakuru, baba, mama na watoto wanne. Wamekuja na treni ya SGR kutoka Nairobi. Baba aliletwa Mombasa kwa ziara ya shule akiwa darasa la saba. Hiyo ndiyo safari anayoirudia. Leo asubuhi aliwapeleka watoto Likoni wakavuka feri kwenda na kurudi bila kuwa na shughuli yoyote ng'ambo, ili waone alichokiona. Mama mtoto aliona ni kupoteza muda mpaka alipomwona mdogo wao akipungia meli mkono.

Nilipokuwa chuo cha utalii tulifundishwa kazi ya watafiti wawili, Gitelson na Crompton, waliochapisha mwaka 1984 sababu tano za watu kurudi likizo mahali palepale. Wanarudi kwa kuwa hawataki kubahatisha. Wanajua watawakuta watu wa namna yao. Mahali pamewashika moyo. Kuna kitu hawakukiona mara ya kwanza. Au wanataka kuwaonyesha wengine walichokiona. Nilizikariri kwa ajili ya mtihani. Wiki hii naziona zikitembea. Bibi wa Uholanzi ni ya tatu, baba wa Nakuru ni ya tano, na mzee wa Ngome huitengeneza ya nne kwa makusudi. Na wale waliovunja mapengo ya kauntabuku ni ya kwanza, ingawa gazetini mtu angewaona ndio wanaobahatisha.

Watu wa bara ndio waliozijaza hoteli za pwani wakati Wazungu walipokuwa wakiogopa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu bado kuna milango ambako Mzungu hupewa kiti na familia kama hii ya Nakuru huulizwa imefuata nini.

Mchana nilishuka ufuoni, Pirates. Desemba pamefurika: maboya meusi ya kukodisha, ngamia, watoto waliojaa mchanga hadi masikioni, kaskazi ikipuliza taratibu na maji ya samawati. Nilimwona pia msichana mgeni, peke yake, anafuatwa na vijana watano. Mmoja ana vinyago, mmoja anauza safari, watatu sijui wanauza nini. Alitembea hatua mia, akageuka, akarudi hotelini. Nilimtazama mpaka akaingia getini na moyo uliniuma, kwani najua atakachowaambia wenzake akifika kwao.

Na ufuo uleule una kijana mwingine, naye huitwa bichi boi kama hao. Kila Januari huja mzee wa Kiingereza na mkewe. Huwapeleka mwambani maji yakitoka, siku za bamvua, kwa mashua ya babake, na bei ni ile waliyokubaliana siku ya kwanza. "Ningeweza kuwapandishia," alisema, "lakini basi ningewapata mara moja." Siku ambazo hawapo, wao humtumia wageni wengine, majirani zao na ndugu zao, wanaoshuka ndege wakilitaja jina lake. Nikamkumbuka mzee wa barazani na nahodha wake.

Nyuma ya hoteli moja, chini ya mwarobaini, kuna fundi cherehani. Nilimkuta anampimia gauni la kitenge mama wa Kijerumani mwenye nywele nyeupe. Wanazungumza Kiswahili, cha mama huyo kina lafudhi nzito lakini hakisiti. Aliniambia amekuja hapa tangu mumewe yu hai. Hotelini hubadilisha wafanyakazi, mapazia na chakula, fundi habadiliki. Alivaa gauni, akajitazama kwenye kioo kilichotundikwa kwenye shina, akapapasa ubavuni. "Umenipunguzia kabla sijasema."

"Umekonda, mama," fundi alijibu akiwa na pini mdomoni. "Mwaka jana ulikuwa unakula."

Akanyamaza kidogo, mama yule, kisha akamweleza fundi juu ya upasuaji aliofanyiwa majira ya kiangazi. Mimi nikasogea pembeni. Kulikuwa na mambo hapo ambayo hayakunihusu.

Jumapili

Siku ya kupumzika. Niliandika, nikalala, nikala biriani ya shangazi.

Magharibi tulikwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, yeye, mimi na binti zake wawili. Tangu palipotengenezwa mwaka 2019 pamekuwa pakubwa, pana ngazi na viti, lakini watu wameng'ang'ania mambo yao ya zamani: viazi karai vyenye chatini ya ukwaju, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, maembe mabichi, madafu. Mibuyu bado imesimama. Meli zinapita karibu mno, unasoma jina lake ubavuni.

Wageni wachache wa ng'ambo niliowaona walikuwa wamebebwa na wenyeji wao, wamekaa ukutani wanakula kama sisi. Hakuna aliyewauzia kitu kwa nguvu. Shangazi aliniambia kuwa yeye huwaleta wapangaji wake hapa siku ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza bado wanaogopa pilipili. Akanitajia pia anachokiogopa yeye: nyumba za Kibokoni na Ndia Kuu zinazoporomoka roshani zake za mbao na kuota ghorofa za saruji mahali pake, ingawa Mji wa Kale unalindwa kisheria. Bibi wa Uholanzi alimuuliza mwaka jana mlango fulani wa nakshi umekwenda wapi. Hakuwa na jibu la kumpa. "Atarudi mara ngapi kuuliza milango?" Shangazi si mtu wa kulalamika. Alilisema akitazama bahari, na binti zake wakanyamaza.

Jumatatu

Marikiti mapema, soko lililofunguliwa mwaka 1914 na ambalo halijaacha kunukia. Nilinunua bizari ya pilau, iliki na pilipili manga kwa mwuzaji ambaye shangazi amemnunulia maisha yake yote, nikapimiwa kwa mkono wa ukarimu. Kisha feri.

Ndani ya basi nilikaa na vijana wawili wa Ufaransa, mke na mume, wanaokwenda Zanzibar kwa kupitia Tanga. Walikaa Mombasa usiku mmoja. Waliambiwa ni mji wa kupitia tu, wakalala karibu na stendi, wakaona ngome kwa saa moja, wakazongwa njiani. Hawana mpango wa kurudi. Nilijikuta nawaeleza kwa bidii kama mtu aliyetukaniwa kwao: kinyonga wa ukutani, dele la kahawa, mihogo ya Mama Ngina. Dada aliandika simuni mwake. Aliniuliza kama kinyonga yuko upande wa kulia au wa kushoto ukiingia, na hapo nikajua kuwa huenda siku moja atakwenda kumtafuta.

Tulipovuka mpaka waliuliza habari za Tanga. Nikawaambia Amboni ni karibu, tunaweza kwenda kesho saa mbili asubuhi kabla ya joto. Kaka akahesabu muda, akauliza kama Tongoni nayo itaingia mchana uleule, wamalize yote kabla ya boti. Zamani ningekubali papo hapo na kuwatoza ya pande zote mbili. Nilimwambia Tongoni inataka siku yake, alasiri, jua likiwa upande wa makaburi na maji yamejaa, na kwamba kesho tuanze na mapango.